Kungoja Ipate Moto

Kilo thelathini na nane, bila magurudumu,
ngazi arobaini na mbili, bila lifti,
na mgongo wangu mmoja.
Ndivyo hesabu ilivyoanza, Sheffield, mwezi wa Februari,
theluji imegeuka tope kizingitini
nami nimeikumbatia amplifaya ya valvu
kama mtu aliyembeba mkwewe aliyezimia:
huwezi kumwangusha, huwezi kumtua.

Mzee Hepworth, fundi wa Barabara ya Abbeydale,
aliniapia, kidole kikinuka risasi ya kulehemu:
"Valvu haisemi uongo."
Inasema, Mzee, tena uongo mtamu.
Ukiibana noti kwa nguvu haipigi ukelele,
inajikunja, inanona, inatoka jasho,
pembe zake zinalainika kama sabuni iliyokwisha kuogewa.
Transista, je? Transista ni karani.
Unampa saba, anakurudishia saba.
Ukimzidishia mzigo hakuonei haya,
anaikata sauti wima, kama mkasi wa bati.

Na pikapu (simaanishi gari la kubebea vitunguu,
nasema sumaku iliyozongwa shaba nyembamba kuliko unywele)
ninazo mbili.
Ya shingoni ina kifua.
Ya karibu na daraja inaongea puani,
kama shangazi anayesahihisha watu msibani.
Miaka kumi na mmoja nazigombanisha kwa kitufe,
huku kidogo, kule kidogo,
nikitafuta sauti niliyoisikia mara moja, utotoni,
ukutani kwa jirani,
sijui hata nani alikuwa akipiga.

"Sauti ni vidole," husema Kezia, mpiga ngoma wetu.
Vidole vyangu hupanga maboksi Rotherham, zamu ya usiku,
ghala la samaki wa barafu.
Cha pete hakikunjiki mpaka saa nne asubuhi.
Basi hiyo ndiyo sauti?

Nikaiuza.
Alikuja mwanafunzi mmoja, Callum, shingo kama ya mwanzi,
na binamu yake, na blanketi,
wakaishusha ngazi zote wakicheka.
Nikanunua kidude cha transista, uzito wa kamusi,
kinaingia mfuko wa sokoni pamoja na mkate.
Mgongo ukashukuru. Sikio likanyamaza,
lile nyamaza la mtu aliyekasirika.

Wiki ya pili Bi Ogden wa chini akapanda mwenyewe,
na ufagio mkononi, ule ule wa kugongea dari.
Nikatayarisha samahani. Akasema:
"Ile nyingine iko wapi?"
Ipi?
"Ile iliyokuwa ikija taratibu, kama basi linalopanda kilima.
Naisikia miguuni kwanza, halafu kwenye chai.
Hii inabisha hodi kama mdai deni."
Nikamkumbusha kwamba kwa miaka sita
amenigongea dari kila Jumapili.
"Ulikuwa unakimbia mapigo," akasema,
akageuka, akashuka, akishika ukuta.

Sasa naiacha ya shingoni peke yake.
Nimechomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi,
ukali nimeushusha mpaka robo.
Inakaribia. Si yenyewe.
Mzee Hepworth nikimpita barabarani
namwuliza habari za magoti yake tu.

Na kila nikiwasha, kitaa cha bluu kikishawaka papo hapo,
mkono bado unazilalia nyuzi nusu dakika nzima,
ukingoja kitu kipate moto
ndani ya sanduku lisilo na moto.
Chini, kiti cha Bi Ogden kinaburutwa.
Kikishatulia, naanza.